Zabuni ya umeme wa jua: anza na gridi

Ndugu, una ekari 30 na tangazo la TANESCO linataka megawati 5 za jua. Unauliza uanzie wapi. Usianze na paneli. Pima umbali hadi kituo cha kupozea umeme, kisha uliza kwa maandishi laini ya kilovolti 33 ina nafasi kiasi gani. Maandiko mengi ya miradi hufia hapo, maana gharama ya laini mpya hula faida yote. Megawati moja huhitaji ekari 5 hadi 7, hivyo shamba lako litabana.

Jisajili mapema NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni. Dhamana ya zabuni, yaani hakikisho kwamba hutajitoa, ikiisha hata siku moja kabla ya muda uliotajwa, unatolewa.

Mkataba wa kuuziana umeme mpe mwanasheria wa nishati: nani anakulipa gridi ikizimwa, na kwa sarafu gani?