Maswali na majibu: nembo ya skauti, kwa mara nyingine

Barua za safari hii karibu zote ni za nembo ya skauti, na nyingi zinauliza jambo lile lile. Tuanze nalo ili tulimalize.

Je, lile ua la skauti ni alama ya Freemason? (Msomaji, Mwanza)

Hapana.

Kuna video inasema nyota mbili za kwenye nembo ni macho ya kishetani. (Msomaji, Kisumu)

Hapana tena. Kila nyota ina ncha tano, jumla kumi, sawasawa na vipengele vya Sheria ya Skauti. Siku hizi chochote chenye nyota na duara kimekuwa Freemason. Mwenye video anahesabu watazamaji, na wewe umeshamwongezea mmoja.

Mwanangu kapewa karatasi akariri maana ya nembo. Majani matatu ni nini, na kamba je? (Mzazi, Morogoro)

Majani matatu ni sehemu tatu za Ahadi ya Skauti: wajibu kwa Mungu, kwa wengine na kwa nafsi yako. Kamba inayozunguka ni umoja wa maskauti duniani, na fundo lake ndilo linaloushikilia. Lakini karatasi hizo huruka jambo la kwanza kabisa: lile "ua" ni ncha ya kaskazini kwenye ramani na dira. Mwaka 1897, akiwa India, Baden-Powell, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuja kuanzisha skauti, aliwapa alama hiyo askari aliowafundisha upelelezi, kwa sababu kazi yao ilikuwa kujua njia. Mwaka 1907 vijana wa kambi ya kwanza, kisiwani Brownsea, Uingereza, wakaivaa ikiwa ya shaba.

Sasa muulize kiongozi wake: mtoto ameshawahi kushika dira? Tunao vijana wanaotaja maana ya kila jani bila kukwama, lakini ukiwapa ramani ya wilaya yao wanaishika juu chini. Na hilo fundo ni la kufungia bandeji na mizigo. Asiungie kamba mbili za kubeba mtu, litaachia.

Nimesoma kwamba Wafaransa waliwachoma watumwa begani kwa ua hilo hilo. Kwa nini mtoto wa Kiafrika alivae? (Mwalimu, Kilwa)

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Ni kweli. Sheria ya Ufaransa ya 1685 kuhusu watumwa makoloni iliamuru mtoro wa mwezi mzima akatwe masikio na achomwe chapa ya ua la yungi, alama ya wafalme wao. Sheria za namna hiyo zilifika Bourbon, yaani Réunion ya leo, na Île de France, yaani Mauritius. Na wewe uliye Kilwa hiyo habari inakuhusu: mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivyo.

Baden-Powell aliitoa alama yake kwenye dira, si kwenye bega la mtumwa. Hata hivyo umbo ni moja, na sioni sababu ya kumficha kijana habari hiyo. Mwambie yote mawili siku hiyo hiyo. Kiongozi anayeona hadithi hiyo "itaharibu ari" ameidharau akili ya vijana wake. Mimi ningebaki na beji, lakini kijana akisema hataki kuivaa baada ya kusikia, asiitwe mtovu wa nidhamu.

Kaburi la Baden-Powell Nyeri lina duara lenye nukta katikati. Siri gani? (Msomaji, Nairobi)

Hakuna siri. Ni alama ya njiani ya skauti: nimekwenda nyumbani. Alifariki huko Januari 1941.

Girl Guides nao wana ua hilo hilo, sivyo? (Msomaji, Dodoma)

Sivyo. Lao ni jani lenye sehemu tatu, lenye sindano ya dira katikati na nyota mbili, moja ya Ahadi na moja ya Sheria. Anayeyachanganya hajayatazama.

Kikundi chetu cha kulea vijana kinataka kuweka nembo ya skauti kwenye fulana, kidogo tu pembeni. (Katibu, Mombasa)

Hata kidogo, hapana. Nembo hiyo ina mwenyewe, kaombeni ruhusa kwa chama cha skauti cha nchi yenu. Mkichora yenu, nawasihi: mwenge na mikono iliyoshikana vimeshachukuliwa na kila asasi kuanzia Lamu hadi Mbeya.

Kijana mmoja mwenye skafu na beji anataka kuwapeleka watoto wa mtaa wetu kambini. Nitajuaje ni skauti halisi? (Mama, Tanga)

Si kwa beji, mama. Beji na skafu zinauzwa. Muulize kundi lake limesajiliwa wapi, kamishna wa wilaya ni nani, na umpigie huyo kamishna mwenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe. Uliza watu wazima wangapi wataandamana na watoto, na nani atalala hema gani. Mtu mzima mmoja peke yake na watoto usiku, kataa, hata awe na beji kifua kizima.