Mzee wa Kambi anajibu: Hema la duara na baridi ya Makete

SWALI: Shikamoo Mzee wa Kambi. Mimi na wenzangu watatu tuko Matamba, Makete. Tumejenga hema la duara, mfano wa yale ya Wamongolia: fito za mianzi, juu turubai, na ukutani kwa ndani tumezungushia mablanketi. Tunataka kulaza wageni wanaokuja Hifadhi ya Kitulo mwezi wa saba. Jumamosi tulilijaribu wenyewe, usingizi haukuja. Saa tisa usiku maji yakaanza kutudondokea, na mvua hakuna! Mwenzetu mmoja anasema tuingize majiko mawili ya mkaa, tuzibe kila tundu. Unashaurije?
Kijana wa Matamba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo majiko yabaki nje. Mengine tutayazungumza taratibu, hilo halina mjadala.

Mimi nimepika kambini miaka mingi. Usiku mmoja wa mwezi wa sita, huko huko Kitulo, baridi ilinizidi akili nikaingiza jiko kwenye hema la vyombo. Mkaa ulikuwa umekolea, mwekundu, hauna hata uzi wa moshi. Nikajiambia moshi ndio unaoua, na huu hauna moshi. Nikafunga zipu. Kilichoniamsha ni mkojo, maana jioni nilikuwa nimemaliza birika zima la chai. Kichwa kilikuwa kinatwanga, miguu haina nguvu. Nilitambaa hadi nje nikatapika juu ya sakitu, ule umande ulioganda. Chai ile mpaka leo inanidai heshima.

Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, moshi uwepo usiwepo. Haina harufu, haina rangi, nayo hushika kwenye damu mahali pa oksijeni. Mgeni akiamka analalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mtoeni nje kwanza, apate hewa safi, kisha mumkimbize hospitali. Msimwambie ni hali ya hewa ya milimani.

Sasa hayo maji. Ni pumzi zenu. Watu wanne wanapumua usiku kucha, mvuke unapanda, unakutana na turubai la baridi, unageuka matone. Mkiziba matundu mtalowa zaidi, na blanketi lililolowa ni adui. Acheni tundu juu kileleni, na kiupenyo kidogo chini karibu na mlango. Wamongolia wenyewe, ambao kwao baridi hushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri, wana duara la wazi kileleni, na bomba la jiko linatokea hapo. Ukuta wao ni sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, na majira ya baridi wanaongeza tabaka. Nyinyi mmechukua umbo, mkaacha sufu na bomba.

Lakini kilichonishtua kwenye barua yako ni kwamba mablanketi umeyataja, hukutaja mmelalia nini. Nadhani mkeka. Basi baridi yenu ilitoka hapo! Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na huko kwenu si mbali na hapo. Ardhi ya mwezi wa saba inamnyonya mtu joto mpaka alfajiri. Ukilaza blanketi chini yako, uzito wa mwili unalibana, hewa iliyomo inatoka, linabaki kitambaa tu. Mabua ya ngano hayabanwi upesi hivyo. Tandazeni makavu kabisa, unene wa shubiri nzima, juu yake maboksi yaliyofunguliwa, kisha mkeka, kisha godoro. Halafu piga goti, bonyeza kwa kiganja na uzito wako wote, hesabu mpaka mia. Kiganja kikipoa, ongeza mabua. Mablanketi mawili matatu ya ukutani yashusheni yafunike watu.

Kabla ya kulala mgeni avue kila alichoshindia, hata soksi. Jasho la mchana ndilo linalomtetemesha saa nane usiku. Avae vikavu na kofia, na asijifunike pua, pumzi italowesha blanketi. Mpeni chupa ngumu ya maji ya moto, si hizi laini za dukani zinazojikunja. Ifungwe sawasawa, itiwe ndani ya soksi, ikae mapajani. Chakula kiwe kizito: viazi, maharage, mafuta yasionewe choyo.

Na ulanzi, pombe yetu ya mianzi? Najua mtauliza. Unapasha ngozi, mtu anasikia raha, kumbe damu imekimbilia juu na joto linamtoka. Waunywe wakirudi Mbeya.

Mkiwa na fedha, fundi wa mabati awatengenezee jiko la kuni lenye mlango na bomba. Likae juu ya matofali, mbali na mablanketi. Bomba lipite kwenye kipande cha bati, lisiguse turubai wala fito, litokeze juu kupita kilele. Kuni ziwe za muwati uliokauka vizuri. Msindano mbichi utawajazia bomba masizi. Hata hilo mliwashe jioni, lizimike kabisa kabla watu hawajalala.

Ila msilinunue bado. Jumamosi ijayo laleni juu ya mabua, tundu la juu wazi, bila moto wowote, kisha uniandikie uliamka saa ngapi.