Aibu ya mgeni chuoni: usisubiri ujasiri, jenga mazoea

Ukisoma ugenini na una aibu, kila mtu atakuambia ujiamini. Niliambiwa hivyo tangu wiki ya kwanza, na sikujua nianzie wapi. Kilichonifungua mdomo hatimaye ni mazoea: kuonekana mahali palepale, na watu walewale, tena na tena.

Tuanze na darasani, maana huko ndiko aibu ya mgeni inakouma zaidi. Unasikiliza kwa lugha ambayo si ya kwenu. Unaelewa, hoja unayo, na pengine ni nzuri kuliko zote zilizokwisha kutolewa. Unaipanga kichwani, unaikagua sarufi, unaihofia lafudhi yako, na hadi uwe tayari mjadala umeshahama. Wenzako wanaona umenyamaza, wanadhani huna la kusema. Inaumiza sana, hasa kwa mtu ambaye kwa lugha yake ni msemaji.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusema mapema. Usiku kabla ya semina nilikuwa naandika swali moja, sentensi moja tu, kisha naliuliza katika dakika za mwanzo kabla mazungumzo hayajashika kasi. Swali ni jepesi kuliko hoja, kwa sababu hakuna anayekutaka ulitetee. Ukishaisikia sauti yako mwenyewe ndani ya chumba kile, mara ya pili haiwi nzito vile. Na mtu akikuomba urudie, rudia taratibu bila kuomba radhi. Hajakudharau, anataka kukusikia.

Darasa likiwa kubwa mno, mfuate mhadhiri ofisini katika saa alizozitenga kuonana na wanafunzi. Wengi wetu tunadhani saa hizo ni za waliofeli. Sivyo kabisa. Nenda na aya moja uliyosoma ikakushinda, mzungumze hiyo tu.

Nje ya darasa, zile sherehe za kukaribisha wageni sizipendekezi sana kwa mwenye aibu. Unasalimiana na umati, unataja jina lako na nchi yako, kesho yake hakuna anayemkumbuka mwenziwe. Tafuta shughuli yenye ratiba ya kila wiki na kazi ya kufanya: kwaya, timu ya michezo, gazeti la wanafunzi, kikundi cha kujitolea. Pale kazi yenyewe ndiyo inayoleta mazungumzo, na ukinyamaza hakuna anayeshangaa.

Hata kuonekana tu kuna faida yake. Mwaka 1992, Richard Moreland na Scott Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanawake wanne waliofanana mwonekano. Mmoja hakuingia darasani kabisa. Wengine waliingia mara 5, 10 na 15, bila kuzungumza na mwanafunzi yeyote. Muhula ulipokwisha, wanafunzi walionyeshwa picha zao, na walielekea kumpenda zaidi yule aliyehudhuria zaidi. Kwa hiyo kaa kiti kilekile, wasalimie walio jirani, endelea kufika.

Urafiki nao unataka muda. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kwamba watu huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili watoke kwenye kujuana tu na kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 kufikia urafiki wa karibu. Ukiwa na mwezi mmoja chuoni na huna rafiki, huna kasoro yoyote.

Wenzako wa nyumbani usiwakimbie, hata ukiambiwa wanakuchelewesha. Kwao unapumzika, unacheka kwa lugha yako, unapata nguvu ya kurudi kwa wengine.

Lakini kama hofu inakufanya ukose vipindi, ukwepe mitihani ya mdomo au ujifungie chumbani siku nzima, hiyo imeshapita aibu ya kawaida. Vyuo vingi vina washauri nasaha, na mara nyingi huduma yao kwa wanafunzi ni ya bure. Kama kupiga simu ni mtihani, waandikie barua pepe: mistari miwili inatosha kuomba miadi.