Kabla Hujalipa Ada ya Chama cha Wanamaabara, Omba Katiba

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kazi maabara hapa Mwanza ni hili: "Kaka, leseni nimeshalipia, sasa ada ya chama ya nini tena?" Huliuliza hasa mwezi Aprili, kwenye shamrashamra za tarehe 15, siku ya wanamaabara duniani, maana ndipo fomu za kujiunga zinapogawiwa pamoja na fulana. Kijana anajaza fomu, anavaa fulana, anapiga picha mbele ya bango, yamekwisha. Mwaka unaofuata hana hakika kama ni mwanachama au alipewa fulana tu.

Kwanza tutenganishe vyombo vitatu ambavyo watu huvichanganya na chama cha taaluma. Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya ni chombo cha sheria ya mwaka 2007. Hilo ndilo linalokusajili na kukupa leseni, na ukikiuka maadili ya kazi ndilo litakalokuita ujieleze. Huko hakuna hiari. Maabara binafsi nazo zina Bodi yake, chini ya sheria ya 1997, kwa hiyo ukitaka kufungua maabara yako pale Buzuruga leseni yako binafsi haitoshi. Halafu kuna chama cha wafanyakazi. Kwa wengi wetu tulio serikalini ni TUGHE, na mambo ya mshahara, kupanda daraja na kuhamishwa yanapelekwa huko.

Chama cha taaluma ni kitu kingine kabisa. Unajiunga kwa hiari, na kazi yake ni kuisemea fani: makongamano, mafunzo, maoni wizarani kanuni zinapotungwa. Hakiwezi kukunyang'anya leseni wala kukuongezea mshahara. Mtu akikutisha kwamba usipolipa ada ya chama utafungiwa kazi, mwombe kwa adabu akuonyeshe kifungu. Na ukijiunga ukitegemea chama kikupiganie malimbikizo ya mshahara, utakasirika bure.

Sasa katiba. Vyama vya namna hii huandikishwa kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, na katiba ni sehemu ya nyaraka zinazopelekwa huko. Kwa hiyo si siri ya katibu. Ukiambiwa "ipo ofisini", omba tena kwa maandishi. Ukitumiwa WhatsApp, angalia kama ndiyo toleo lililopokelewa na msajili, maana nimeshaona kwenye kundi moja matoleo mawili ya katiba hiyohiyo yanayotofautiana kwenye ibara ya muda wa uongozi. Hakuna aliyejua lipi ni lipi, na uchaguzi ulikuwa umekaribia.

Ukiipata, dibaji iruke, dibaji zote ni nzuri. Nenda kwenye ibara ya uanachama. Tazama madaraja yake: mwanachama kamili, mshiriki, mwanafunzi, wa heshima. Kama wewe ni mteknolojia msaidizi mwenye cheti, hakikisha katiba inakupa kura. Katiba nyingine inakupokea, inachukua ada yako, halafu ukumbini wewe ni msikilizaji. Wanafunzi wa chuo pale Bugando nawaambia kila mara: uanachama wa mwanafunzi kwa kawaida haugeuki wenyewe siku unapovaa joho. Lazima ujaze fomu upya, uambatanishe usajili wa Baraza, ulipe ada ya daraja jipya. Wengi wanagundua hilo siku ya kupiga kura.

Kisha tafuta maneno "mwanachama hai". Haya ndiyo yanayowatoa watu nje ya ukumbi. Mara nyingi mwanachama hai ni yule aliyelipa ada ya mwaka kabla ya tarehe fulani, si yule anayelipa mlangoni asubuhi ya uchaguzi huku mgombea akimsaidia kutuma pesa kwa simu. Mimi naunga mkono tarehe ya kufunga daftari. Bila tarehe hiyo, mwenye fedha anaweza kununua ukumbi mzima kwa saa moja. Ila tarehe itangazwe mapema, na ada ilipwe kwenye akaunti ya chama, kamwe si kwenye namba ya simu ya mweka hazina hata kama ni rafiki yako. Stakabadhi itunze. Kwenye daftari la mtu mwingine jina lako linaweza kuruka, na hapo stakabadhi ndiyo inayokuingiza ndani.

Kinachonipa sababu kubwa ya kusema haya yote ni ajenda ya mwisho ya kila mkutano, ile inayoitwa "mengineyo". Nilikuwa kwenye mkutano wa mwaka wa tawi la chama kimoja cha kitaaluma, sikitaji, katika ukumbi mmoja hapa mjini. Barua ilisema saa tatu asubuhi, tukaanza saa tano. Taarifa ya katibu ikasomwa neno kwa neno ingawa tulikuwa nayo mikononi. Tukala ugali na sato. Saa tisa na ushee, wa Ukerewe wameshaondoka kuwahi meli ya Nansio na viti vya nyuma vimebaki vitupu, mjumbe mmoja akasimama kwenye mengineyo: anapendekeza kanuni za tawi zirekebishwe, viongozi wakae madarakani miaka 5 badala ya 3, "ili wamalize mipango waliyoianza". Watu watatu wakamuunga mkono haraka mno, ungedhani wameshakaa kikao. Mwenyekiti akawa anauliza wanaoafiki waseme ndiyo.

Dada mmoja wa kitengo cha damu, ambaye si kiongozi wala hajawahi kugombea, akanyoosha mkono.

"Kuhusu utaratibu, Mwenyekiti. Naomba katibu atusomee ibara ya marekebisho."

Katibu akapekua, akapekua. Yule dada akamsaidia: ukurasa wa 14. Ilisema pendekezo lolote la kurekebisha limfikie katibu siku 30 kabla ya mkutano, lisambazwe kwa wanachama wote, na lipite kwa theluthi mbili ya wanachama hai waliohudhuria. Akaongeza swali la pili: muda wa uongozi umetajwa kwenye katiba ya chama, je, kanuni za tawi zinaweza kuipita katiba? Kisha akaomba wahesabiwe waliopo. Waliobaki walikuwa chini ya akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili mkutano uamue jambo. Mwenyekiti akafunga mkutano kwa sala.

Kilichofanya kazi pale ni nakala iliyochapwa na vipande vya karatasi vya njano kwenye kurasa zenye ibara nne: uanachama hai, akidi, notisi ya mkutano, marekebisho. Nami nimemwiga tangu siku hiyo. Simu inazima chaji, karatasi haizimi. Angalia pia kama akidi inahesabiwa mkutano unapoanza tu au mpaka mwisho, kwa sababu hila nyingi zinakaa hapo. Na kama una hoja yako mwenyewe, usiisubirishe mengineyo. Iandike, mpelekee katibu ndani ya muda, ubaki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa.

Kuhusu fedha sitasema mengi: omba hesabu zilizokaguliwa, na uliza ni sahihi za nani zipo benki. Viongozi wakibadilika na sahihi zisipobadilika, mna viongozi wa mapambo.

Upande wa nidhamu wengi hawausomi mpaka wapate barua. Kusimamishwa uanachama ni tofauti na hatua ya Baraza, lakini haki ni zilezile: upewe tuhuma kwa maandishi, upewe muda wa kujibu, usikilizwe, na pawe na pa kukata rufaa pasipokuwa na watu walewale waliokuhukumu. Katiba isiyo na rufaa naiona ina walakini mkubwa, hata kama viongozi wake wa leo ni watu wema.

Kwa sasa huku kwetu mjadala ulio moto ni kura kwa njia ya mtandao. Watu wa Sengerema angalau daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewaondolea foleni ya kivuko, lakini wa Ukerewe bado wanategemea meli, na zamu za maabara haziruhusu watu wote kusafiri siku moja. Hoja yao naiona ni ya haki. Hata hivyo sitaipigia kura ya ndiyo mpaka ibara ieleze nani anatunza orodha ya wapiga kura, nani nje ya uongozi anaihakiki, na mtandao ukikatika katikati ya zoezi kura zilizokwisha kupigwa zinakuwaje. Nimeshaiandika hiyo kama nyongeza ya pendekezo lao. Nakala ninayo, na katibu amesaini.