Nilinyoosha Miguu Mbele ya Wazee wa Kisamoa

Juzi nimepata ujumbe wa kijana wetu mmoja, Mkongo wa Bukavu, aliyeingia New Zealand kupitia kituo cha wakimbizi cha Mangere, kusini mwa Auckland. Sasa kaajiriwa kuhudumia familia za Wasamoa na Watonga, watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki. "Dada," kaandika, "wamenipa miezi mitatu nitengeneze mpango wa afya unaofuata utamaduni wao. Nianzie wapi?" Nikacheka, kisha kicheko kikanikatika. Mimi nilipewa sita, na mitano niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Najua wengi mnaonisoma ni manesi na watu wa ustawi wa jamii kama mimi, na kila mmoja ana mradi wake kichwani anasubiri fungu. Basi jibu lake nalileta hapa, mgawane.

Nilianza kazi ile nikijiona nimeshafika. Mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye mikeka, misiba ya mtaa mzima, shangazi wa kuzaliwa na wa kuokota. Nikasema hawa watu nawajua. Bosi naye akaniambia wewe utawaelewa tu (alimaanisha rangi, lakini tuyaache). Nikaandaa darasa la kisukari na jongo, kila Jumanne saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa kliniki. Vipeperushi kwa Kisamoa na Kitonga. Picha za mitumbwi na maua ukutani. Viti ishirini na tano, nimevipanga mwenyewe. Siku ya kwanza wakaja watatu, na mmoja alikuwa anatafuta choo.

Saa tisa alasiri nusu ya watu wale wako zamu viwandani au uwanja wa ndege, nusu wanawafuata wajukuu shule. Sikuuliza. Wiki zilizofuata sizisimulii, zilikuwa za viti.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa Kisamoa, mgonjwa wangu. Akaniambia Jumapili baada ya ibada njoo nyumbani tule. Nikaenda na mashine yangu ya kupimia sukari, si nyumbani kwa mgonjwa? Chakula kilikuwa kwenye gereji. Gari limetolewa nje, sakafu nzima imetandikwa mikeka, wazee wamekaa wameegemea ukuta pande zote, mchungaji kwenye nafasi ya heshima. Bibi alikuwa upande wa pili. Nikakata katikati kumfuata, wima, begi begani, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Mazungumzo yakapoa. Nikakaa, na kwa kuwa goti langu la kushoto ni bovu, nikanyoosha miguu.

Akainuka msichana wa kama miaka kumi na minne. Akaja ameinama, mgongo karibu na magoti, kila anayempita anamwambia taratibu, "tulou, tulou," yaani samahani, naomba kupita. Akanifunika miguu kwa lavalava, kitambaa kile wanachojifunga kama kikoi. Mimi nikadhani nakirimiwa! Nikasema "fa'afetai", asante, kwa sauti, nikajiona nimejua Kisamoa.

Zikapita wiki kadhaa ndipo bibi akanieleza. Nyayo zangu zilikuwa zinawaelekea wazee. Yule mtoto alikuwa ananisitiri. Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu mtu hukatiza mbele ya wakubwa? Si unainama, unaomba kupita, na viatu umeviacha mlangoni? Nilikuwa nayajua yote yale tangu sijaota meno ya pili. Kilichonisahaulisha ni kile kitambulisho shingoni.

Wasamoa wana neno, vā, nafasi iliyopo kati ya mtu na mtu. Kwao nafasi hiyo si tupu, ina haki zake, na kuitunza wanaita teu le vā. Mimi niliivuka na begi.

Ofisini hayo yote wanayo kwenye mchoro. Unaitwa Fonofale, wa Fuimaono Karl Pulotu-Endemann: nyumba ambayo msingi wake ni familia, paa ni utamaduni, na katikati nguzo nne, yaani mwili, roho, akili na mengineyo kama umri na jinsia. Kuizunguka kuna mazingira, wakati na muktadha. Mchoro mzuri, nauheshimu. Ila nimeuona umebandikwa juu ya mashine ya kahawa, na chini yake miadi bado ni dakika kumi na tano, mgonjwa mmoja mmoja, mlango umefungwa. Unamwita baba mwenye sukari peke yake, wakati anayempikia ni mkwewe, na mwenye kauli juu ya pesa ni mama yake aliyeko Savai'i, kisiwani kule Samoa. Umeng'oa nguzo ukaacha nyumba!

Na usimgongee mtu mlango asubuhi mapema. Niliwahi kwenda saa moja kwa mzee mmoja wa Kitonga. Pazia likacheza, mlango haukufunguka. Kati ya 1974 na 1976 polisi walikuwa wanavamia nyumba za watu wa visiwani alfajiri kuwasaka waliozidisha muda wa viza. Serikali iliomba radhi tarehe 1 Agosti 2021, Waziri Mkuu Jacinda Ardern akakaa mbele ya watu akafunikwa mkeka, kwa desturi ya Kisamoa ya kuomba msamaha, mpaka ulipoondolewa. Mkeka umeondolewa, pazia la yule mzee bado linacheza.

Basi tukahamia gerejini, Alhamisi usiku baada ya mazoezi ya kwaya. Wimbo, sala, ndipo kupima. Wa kwanza kupimwa akawa mchungaji, mbele ya watu. Sukari yake ilikuwa juu. Alicheka, halafu akatulia. Jumapili akaisema madhabahuni, na Alhamisi iliyofuata vipande vya kupimia vikaniishia kabla ya saa mbili.

Chakula hatukukisema vibaya. Nyama ya kopo wanaiita pisupo, jina lililotokana na Kiingereza "pea soup", supu ya njegere, kwa hiyo unajua ilikuja na nani. Samoa ilipiga marufuku mikia ya bata mzinga, nyama ya mafuta tupu inayoletwa kutoka nje, mwaka 2007, ikabidi ikubali kuilegeza ili ipokelewe kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2012. Halafu mimi na kipeperushi changu nimfokee bibi?

Sasa sehemu inayoniuma. Mwaka uliofuata bosi aliupeleka mradi kwenye mkutano mkubwa, na picha ya gereji yetu. Jina langu halikuwemo. Nililia chooni, sioni haya kusema. Kisha wakaurudisha kliniki, ati usimamiwe vizuri. Kina mama wa kwaya wakaniuliza, tumekosea nini? Na hapo ndipo nilipojishika. Kwenye bajeti niliyoiandika mimi, kwa mkono wangu, kulikuwa na pesa ya karatasi na ya kahawa. Ya kwao hapakuwa. Wao waliopika, waliotafsiri, waliomshawishi mchungaji, niliwaandika "wahudumu wa kujitolea". Bosi aliniibia mimi, na mimi nilikuwa nimeshawaibia wao.

Kwa hiyo ndugu yangu, majina yao yaingie kwenye bajeti kabla ya lako. Nasema tena: kabla ya lako! Mkae chini nao muandike pamoja, na bosi akikuuliza muda unapotelea wapi, mwambie sala haina kisanduku kwenye fomu yake. Kaa chini. Miezi mitatu ikiisha hujamaliza kukaa, omba mingine.

Gereji bado ipo, Alhamisi, nimeshakutumia mtaa. Usiende mikono mitupu, hata mkate unatosha. Nimemwambia bibi una miguu mirefu, akasema lavalava iko tayari.