Uliza Tukujibu: Kando na Garang, nani mwingine?

SWALI: Habari za huko. Naishi Umoja na majirani wangu wengi ni wa Sudan Kusini. Nikiwauliza kuhusu vita vya kwao nasikia tu Garang, Garang. Kwani hakukuwa na wengine, hasa wale hawakushika bunduki?

JIBU: Walikuwa wengi, na inaniuma venye wamesahaulika. John Garang najua unamjua, kanali wa jeshi la Sudan mwenye PhD kutoka Iowa, alitumwa Bor Mei 1983 kutuliza askari walioasi akaishia kuwa kiongozi wao, ndio SPLA, jeshi la waasi wa kusini, ikaanza.

Lakini mimi ningeanza na Askofu Paride Taban wa Torit. SPLA walipouteka mji 1989 yeye hakutoroka, alibaki na waumini wake, na hao hao waliosema wanapigania watu wake wakamweka ndani. Alipotoka hakutafuta kulipiza, akawa mwenyekiti wa kwanza wa baraza la makanisa lililounganisha Wakatoliki na Waprotestanti kwenye maeneo ya waasi. Sasa 1991 Riek Machar, kamanda wa SPLA, akajitenga na Garang, Wadinka wa Garang na Wanuer wa Machar wakaanza kuuana wao kwa wao, na kwangu hapo ndio pabaya kuliko pote manake adui hakuwa tena serikali ya Khartoum pekee. Ni baraza hilo la makanisa lililokalisha machifu na wazee wa pande zote mbili huko Wunlit 1999, kila mtu akasema uchungu wake mbele ya aliyemkosea, fahali mweupe akachinjwa. Hakuna jenerali aliyeweza hiyo.

Hapa kwetu kuna Jenerali Lazaro Sumbeiywo, mwanajeshi ndio, lakini kazi yake ilikuwa kusuluhisha. Alisimamia mazungumzo Machakos 2002 halafu Naivasha, hadi mkataba wa amani kati ya serikali ya Sudan na waasi ukasainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Garang aliapishwa makamu wa rais Julai hiyo, wiki tatu tu helikopta yake ikaanguka, akafa.

Taban naye mwaka huo huo alianzisha kijiji cha amani Kuron, katikati ya jamii zinazoibiana ng'ombe, waishi na wasome pamoja. Alifariki hapa Nairobi Novemba 2023.

Ukipata jirani wa Torit muulize habari zake, atakuambia mengi. Wa Bor, kwa Wadinka, usimuulize mauaji ya 1991 ghafla, subiri akuzoee, wengi walipoteza familia mwaka huo.