Samaki Wamenona, Mayai Hayaonekani

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Kisauni, nina tangi la tilapia wazazi: majike 40 na madume 15, kila mmoja kama gramu 200. Nawalisha machicha ya nazi yaliyokaushwa, pumba za mahindi na omena kidogo, kisha natia mafuta yanayobaki kwa jirani anayekaanga viazi karai. Wamenona kwelikweli, lakini huu mwezi wa tatu vifaranga ni wa kuhesabu. Nilipompasua jike mmoja nikakuta mafuta meupe yamezonga matumbo yote. Ni maji au ni chakula?

JIBU: Wa alaykum salaam. Ni chakula, na ushahidi umeshauona mwenyewe. Tilapia haweki mafuta mengi kwenye minofu. Ziada huirundika kuzunguka matumbo na ndani ya ini. Sasa ini hilohilo ndilo linalotengeneza malighafi ya kiini cha yai, damu ikaipeleka kwenye mfuko wa mayai. Likilemewa na mafuta, kazi hiyo huzorota. Ukipasua mwengine, litazame ini: zuri ni jekundu la kahawia na limeshikana, lililozidiwa huwa la manjano mpauko, na ukilibonyeza kwa kidole linapasuka na kuacha utelezi.

Tena si wingi wa mafuta tu. Jike anahitaji asidi ya linoleiki, aina ya mafuta, wala mwili wake hauwezi kujitengenezea. Iwe baina ya asilimia 0.5 na 1 ya chakula chote. Mafuta ya soya yana zaidi ya asilimia 50 ya asidi hiyo, ya nazi yana kama 2 tu. Machicha, hata baada ya kukamuliwa tui, hubaki na mafuta tele, ila ni hayo ya kunenepesha. Na yale ya karai yamechemshwa mara nyingi hata yameoza: yakiingia mwilini huila vitamini E, ambayo mayai yanaihitaji. Yaache kabisa.

Changanya hivi kwa kilo 10: unga wa omena kilo 3, mashudu ya soya kilo 3.5, pumba za mahindi kilo 2.8, unga wa muhogo gramu 300 wa kushikisha, mafuta mabichi ya soya gramu 200, na premiksi ya samaki (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 200. Utapata protini kama asilimia 35 na mafuta 7 hadi 8. Mafuta yatie mwisho, uyasugue kwa mkono mpaka pasibaki madonge. Tengeneza cha wiki mbili tu, kwa uwiano huohuo. Kwa joto na unyevu wa Mombasa, gunia lililokaa miezi linanuka hata kabla hujalifungua.

Kipimo: samaki wako 55 wana kilo 11 kwa jumla. Wape asilimia 1.5, yaani gramu 165 kwa siku, nusu yake saa tatu asubuhi na nusu nyingine saa kumi jioni, na siku moja kwa wiki wasile. Usitegemee mabadiliko kabla ya wiki sita hadi nane, maana mayai yaliyomo tumboni sasa yalianza kwa chakula cha zamani.

Lakini kama kisima chako kina maji ya chumvi, na vingi vya Kisauni ni hivyo, punguza mafuta ya soya yawe gramu 100 na utie gramu 100 za mafuta safi ya samaki. Tilapia wazazi walio kwenye maji ya chumvi huhitaji omega-3 iliyo tayari, kama ile ya mafuta ya samaki, kuliko walio kwenye maji baridi.

SWALI: Mzee mmoja wa jahazi ameniambia nitie sifa, yale mafuta ya ini la samaki ya kupaka jahazi, kwenye chakula cha tilapia, eti watazaa sana. Nitie?

JIBU: Usitie. Sifa ya kupaka jahazi imekaa kwenye pipa juani na imeshaharibika, harufu yake yenyewe inatosha. Na hata mafuta ya ini la samaki yaliyo safi si dawa ya uzazi kwa tilapia wa maji baridi. Jaribio lililochapishwa 1993 huko Ufilipino lilionyesha majike waliolishwa mafuta ya ini la chewa wakiongezeka uzito kuliko wote, lakini uzazi wao ukawa duni. Waliolishwa mafuta ya soya ndio waliozaa vizuri. Mzee ameona samaki wakinona, akadhani ndio uzazi.

SWALI: Soya imepanda bei. Naweza kutumia alizeti?

JIBU: Mafuta ya alizeti ndiyo, gramu kwa gramu, nayo yana linoleiki nyingi. Mashudu yake yana makapi mengi, kwa hivyo yasizidi nusu ya kiasi cha mashudu ya soya, na yachekeche kwanza.